Mama amepoteza hesabu ya vito vya kofia, nami nimeitwa nikapigwe picha ya ubongo

Asalaam aleikum shangazi,

Mimi ni mwanamke wa miaka 43, mwalimu wa shule ya msingi hapa Lamu, nina mume na watoto watatu. Nakuandikia kwa sababu nyumbani kwetu jambo hili likitajwa tu sauti hupanda, na mama mwenyewe yupo pale pale anasikia.

Mama ana miaka 69. Tangu nipate akili nimemwona akishona kofia za vito, zile za kutariziwa kwa mkono. Kofia moja ilimchukua miezi, na wateja waliweka oda kabla hajashika sindano. Hakuhitaji kuangalia mfano. Mpango wote ulikuwa kichwani mwake. Mambo yalianza kidogo kidogo: kutia chumvi mara mbili, kuuliza swali alilojibiwa sasa hivi. Kisha ikaja kofia. Safu za vito zikawa zinapishana, akafumua, akashona upya, zikapishana vilevile. Siku moja nikiwa nafagia nikaikuta uvunguni mwa kitanda, ameitupa huko na sindano ikiwa bado ndani. Hajashona tena. Sasa hutoka peke yake kwenda nyumba ya wazazi wake iliyouzwa zamani, na vijana wa barazani humrudisha. Usiku huuliza kama baba amesharudi kutoka baharini. Baba ni marehemu.

Ana sukari na presha, na dawa ya sukari ameimeza miaka mingi. Hospitali alipopelekwa aliambiwa achore saa, aandike sentensi, ahesabu kwa kurudi nyuma. Alishindwa. Mama hakwenda shule, alisoma chuo cha Kurani tu, na barua zake zote aliandika kwa herufi za Kiarabu. Tukaambiwa ni dimensia, huenda ni Alzheimer, tukapewa tarehe ya kurudi. Baadaye mwezi wa Shaabani alianguka ngazini, na tangu hapo amezidi, mchana kutwa anasinzia.

Mdogo wangu wa kiume anayeishi Mombasa amesikia kwa rafiki yake kwamba kuna watafiti Nairobi wanaotafuta wagonjwa wa kusahau pamoja na watoto wao walio wazima. Tutapigwa picha za ubongo, ya MRI na ya PET, na tutatolewa damu iangaliwe jeni. Ndege na malazi wanalipa wao. Mdogo wangu ameshatoa majina yetu, la mama na langu. Anasema mficha maradhi kifo humuumbua, na kwamba huenda mama akapewa hizi dawa mpya zinazosemwa.

Mama mdogo hataki kusikia. Yeye anasema ni upepo, mama anyweshwe kombe, maji yaliyooshewa maandishi ya Kurani, na kwamba ile mashine itamaliza hata hiyo akili iliyosalia. Mume wangu naye aliniuliza swali moja tu: “Ukiambiwa unao, utafanya nini?” Sikuwa na jibu.

Mama nilimweleza siku moja alipokuwa ametulia. Akanisikiliza, akasema, “Kama itawafaa watu, nipelekeni.” Baada ya siku chache nilipomkumbusha alilia sana, akidhani tunampeleka mbali tumwache. Shangazi, nishike neno lipi?

Na kuna jambo sijamwambia mtu. Siku hizi nasahau majina ya wanafunzi wangu. Nasimama mbele ya mtoto namjua, na jina haliji. Nataka kujua kama nami ndiko niendako, na sitaki kujua. Nifanyeje?

Kifungua Mimba, Lamu

*

Waaleikum salaam, mwanangu.

Kabla ya utafiti, turudi kwenye jambo ulilolipitia haraka. Mama alianguka ngazini, na tangu hapo amezidi na anasinzia. Je, daktari aliyempima analijua hilo? Mtu wa umri wake akigonga kichwa, hata kwa namna inayoonekana ndogo, damu inaweza kuvuja polepole kati ya fuvu na ubongo kwa wiki nyingi, ikaubana ubongo, na watu wa nyumbani wakadhani ni dimensia imekolea. Picha ya CT, ile ya eksirei, huionyesha, na mara nyingi upasuaji huiondoa. Sisemi ndilo lililompata. Lakini hilo halingoji watafiti wala halingoji tarehe mliyopewa. Mrudisheni hospitali sasa, mtaje kuanguka, mtaje na usingizi, na mkiandikiwa rufaa mwende.

Mkiwa huko, ulizeni kama amewahi kupimwa vitamini B12 na tezi ya thairoidi. Kama dawa yake ya sukari ni metformin, kuimeza miaka mingi huweza kushusha B12, na upungufu wake huvuruga kumbukumbu. Msimwachishe dawa, ulizeni tu. Na mwambieni daktari kwamba mama huandika kwa herufi za Kiarabu, kwa sababu mtu aliyesoma chuo akitakiwa kuandika sentensi kwa herufi za Kizungu, kushindwa kwake hakuonyeshi ugonjwa. Vipimo vingi vya namna hiyo vilitungwa kwa watu waliokaa madarasani. Ile kofia ya uvunguni ichukue uende nayo. Mtu aliyeshona vito maisha yake yote bila kuangalia mfano, kisha safu zikaanza kupishana, amemwonyesha daktari jambo ambalo mchoro wa saa hauwezi kulionyesha. Mimi ningeiamini kofia zaidi.

Sasa tuje kwa hao wa Nairobi. Nikiisoma barua yako, naona kila mtu nyumbani ana swali lake. Mdogo wako anauliza kama mama atapata dawa. Mama mdogo anauliza kama dada yake anatupwa mikononi mwa wageni. Mumeo anauliza kama utaweza kulala usiku. Nawe, nyuma ya hayo yote, unauliza kama utakuwa kama mama. Yote ni maswali ya haki, lakini picha ya utafiti haikupigwa ili kuyajibu. Inajibu swali la watafiti. Huenda nyumbani mnagombana zaidi kwa sababu kila mmoja ameipa mashine kazi yake.

Nikueleze kidogo mashine hizi zinaona nini. MRI hutumia sumaku, haina mionzi. Inaonyesha umbo la ubongo: umesinyaa wapi, hasa sehemu iitwayo hipokampasi inayohifadhi kumbukumbu mpya, na pia makovu ya viharusi vidogo ambavyo presha huviacha bila mtu kujua. PET ni nyingine. Mtu hudungwa dawa yenye mionzi kidogo inayokwenda kunasa kwenye protini iitwayo amiloidi, ile inayojikusanya katika ubongo wa mwenye Alzheimer. Daktari Alois Alzheimer alipoeleza ugonjwa huu Ujerumani mwaka 1906, ilibidi mgonjwa afe kwanza ndipo ubongo wake utazamwe kwa darubini. Picha za kwanza za amiloidi katika ubongo wa mtu aliye hai zilichapishwa mwaka 2004, kwa hiyo elimu hii bado changa. Dawa ya PET inayotumika sana siku hizi hupoteza nusu ya nguvu zake kila dakika 110, haiwezi kusafirishwa mbali ikakaa ikingoja mtu. Ndiyo sababu mnaitwa nyinyi mwende, badala ya wao kuja. Mionzi yake kwa picha moja inakaribia ile ambayo mwanadamu huipata kutoka ardhini na angani kwa miaka mitatu hivi. Haimalizi akili ya mtu, na hilo mwambie mama mdogo kwa upole.

Kuhusu dawa mpya, hapa ndipo naomba uzungumze na mdogo wako mapema, kabla tumaini halijawa kubwa. Zipo kweli. Lecanemab iliidhinishwa kikamilifu Marekani Julai 2023, donanemab ikafuata Julai 2024. Kwa kawaida huingizwa kwa dripu, huondoa amiloidi, na zimekusudiwa walio katika hatua za mwanzo kabisa. Katika jaribio kubwa la lecanemab la miezi 18, waliopewa dawa walishuka kwa kasi ndogo kwa asilimia 27 kuliko wasiopewa, lakini kwenye kipimo cha alama 18 tofauti ilikuwa chini ya nusu alama. Na mgonjwa hupigwa MRI mara kwa mara, kwa kuwa dawa hizi huweza kuvimbisha ubongo au kuutoa damu. Mama yako anayetoka nyumbani na kupotea huenda amepita hatua hiyo. Zaidi ya hayo, utafiti wa picha aghalabu hautoi dawa yoyote. Unapiga picha, unaandika, unalinganisha. Tafiti nyingine hata majibu haziwarudishii washiriki. Muulize mdogo wako kama aliambiwa kuna dawa, au aliisikia mahali pengine akaziunganisha habari mbili.

Hata hivyo ana hoja ambayo sitaki uipuuze. Mengi yanayojulikana kuhusu picha hizi yametokana na ubongo wa watu wa Marekani na Ulaya, wengi wao weupe na wenye elimu ndefu. Na si hakika kwamba hesabu zao zinatufaa sisi. Watafiti waliwahi kuwalinganisha wazee Wayoruba wa Ibadan, Nigeria, na Wamarekani weusi wa Indianapolis, wakachapisha majibu mwaka 2001: wagonjwa wapya wa dimensia Ibadan walikuwa chini ya nusu ya wale wa Indianapolis, kwa kadiri ya watu. Hata ile jeni ya APOE e4, inayoongeza hatari sana kwa Wazungu, haikuonyesha nguvu ileile kule Ibadan. Kwa hiyo mama aliposema “kama itawafaa watu”, hakusema neno la mgonjwa asiyejua analosema. Alisema jambo ambalo hata wanasayansi wanalisema.

Lakini pia alilia. Unaniuliza ushike neno lipi, kana kwamba moja ni la mama na jingine ni la ugonjwa. Mimi naona yote mawili ni yake. La kwanza linatuambia anathamini nini; la pili linatuambia anaogopa nini, na alichokiogopa hakikuwa mashine wala sindano, bali kuachwa. Kuna tofauti. Katika taratibu za utafiti, mgonjwa asiyeweza tena kuamua peke yake huombewa ruhusa na mtu wa karibu, lakini yeye mwenyewe naye huulizwa, na akikataa kukataa kwake huheshimiwa, hata kama ni pale mlangoni pa mashine. Nyote mnapaswa kujua hilo kabla ya kuondoka Lamu, kwa sababu mkishapanda ndege kwa pesa ya watu, ni vigumu kusema basi turudi. Ifikirieni na safari yenyewe: boti hadi Manda, ndege, jiji asilolijua, kitanda kigeni, kisha alale bila kujitikisa ndani ya tundu jembamba lenye kishindo kikali kwa nusu saa au zaidi. Atavuliwa vipuli, pini za mtandio na hirizi kama anayo, na wanja pia atafutwa, kwa kuwa wanja mwingine una chembe za chuma. Kwa mtu anayemngoja mumewe arudi baharini, hayo si madogo. Wapo wanaoyavumilia vizuri mtoto wao akiwa chumba cha jirani na sauti yake ikisikika. Wapo wanaorudi nyumbani wakiwa wamevurugika kuliko walivyoondoka. Wewe ndiye unayemjua.

Kuhusu mama mdogo nina machache. Kombe na daktari havijawahi kugombana ila pale mtu anapolazimishwa kuchagua kimoja. Mpe nafasi ya kusoma na kumnywesha dada yake, na umwombe naye awepo siku ya hospitali.

Sasa wewe. Nimekiacha cha kwako mwisho, na naona nawe ulifanya hivyo hivyo.

Kusahau jina la mtoto unayemjua, kisha likakujia ukiwa jikoni, huwapata walimu wengi wenye usingizi wa kutosha, sembuse wewe unayeamshwa usiku na mama. Jambo la kumpeleka mtu kwa daktari ni pale anapokuwa hamkumbuki kabisa mtoto mwenyewe, au anapotea katika kazi aliyoizoea. Sikuondolei hofu kwa maneno. Natilia shaka tu kwamba hiyo hofu imeshathibitishwa na dalili. Kuhusu urithi, zipo familia chache sana ambazo jeni moja huuleta ugonjwa karibu kwa hakika, na kwao huanza mapema, mara nyingi kabla ya miaka 60. Mama kuanza katika umri wake hakufanani na hilo. Mzazi kuwa na Alzheimer huongeza hatari kwa mtoto, lakini watoto wengi wa wagonjwa hawaupati.

Tuseme umekubali na umepigwa PET, na majibu ukapewa. Wakisema amiloidi haipo, utapumua, ingawa una miaka 43 na hiyo haikuahidi chochote ukiwa na 75. Wakisema ipo? Uchunguzi mkubwa uliochapishwa 2015 ulikuta kwamba kati ya watu wenye akili timamu kabisa, takriban asilimia 10 ya wenye miaka 50 wana amiloidi, na wenye miaka 90 ni asilimia 44. Wapo wanaozikwa nayo bila kupoteza hata jina la mjukuu. Kwa hiyo “unayo” haina maana ya “utaugua”, lakini sijui kama saa nane za usiku utaweza kulitofautisha hilo. Na MRI ina mambo yake. Rotterdam, Uholanzi, watu 2,000 waliojiona wazima walipopigwa picha, asilimia 7.2 walikutwa na viharusi vya kimya, 1.8 wana mshipa uliovimba kichwani, 1.6 wana uvimbe usio wa saratani. Mwingine aliokolewa na habari hiyo. Mwingine alibaki na woga tu.

Upande wa pili nao upo. Mwaka 2009 Marekani walichapisha utafiti wa watu wazima 162 waliokuwa na mzazi mwenye Alzheimer. Baadhi waliambiwa jeni yao ya APOE, wengine hawakuambiwa, na baada ya mwaka walioambiwa hawakuwa na wasiwasi zaidi kwa wastani. Ila waliandaliwa, na mshauri alikuwa karibu. Kwa hiyo kujua hakumvunji kila mtu. Hata kutojua kuna gharama yake, na wewe umeanza kuilipa kila unaposimama mbele ya mtoto jina lisije.

Swali la mumeo, “utafanya nini?”, nilipoliona nilidhani mwanzoni ni la kukukatisha tamaa. Nikirudia barua naona huenda ni hofu yake naye. Lijibuni pamoja. Jopo la wataalamu la jarida la Lancet mwaka 2024 lilitaja mambo 14, yakiwemo presha, sukari, lehemu, kupungua kusikia, kutofanya mazoezi na upweke, likakadiria kwamba yakishughulikiwa karibu asilimia 45 ya dimensia ingezuilika au kucheleweshwa. Presha yako ilipimwa lini? Hilo linawezekana hapo Lamu bila kujua chochote kuhusu amiloidi. Pengine ukishalifanya, hamu ya picha itapungua. Pengine itazidi, na utaenda ukiwa umetulia. Pia unaweza kushiriki na kusema hutaki kuambiwa majibu, utafiti ukiruhusu. Na si lazima uamuzi wako na wa mama uwe mmoja, ingawa mdogo wako aliyatoa majina yote mawili kwa pamoja.

Mwombe namba ya mratibu uzungumze naye wewe mwenyewe. Kibali cha NACOSTI, tume ya serikali inayoruhusu tafiti, na cha kamati ya maadili waonyeshe, na karatasi ya maelezo waitume kwa Kiswahili, ikae nyumbani muisome na mama mdogo akiwepo. Waulize picha na jeni zenu zitahifadhiwa wapi na nani atazitumia baadaye. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kuuliza. Uliza kama mama anaweza kutolewa damu na kuulizwa maswali tu bila kuingia mashine. Na wakikuta kitu kinachohitaji matibabu, kwake au kwako, nani atakupigia simu na nani atalipa? Hayo yote yajibiwe kabla mdogo wako hajathibitisha tiketi.